Mikono ya baleti: ufuate Vaganova, Cecchetti au shule nyingine?

Miguu yake ilikuwa safi. Dada huyu wa miaka 23 alinionyesha video fupi aliyojirekodi kwa simu akicheza adajio (mfululizo wa miondoko ya polepole) katikati ya ukumbi: magoti yamenyooka, nyonga zimefunguka vizuri, mizani ipo. Lakini, kuanzia kiunoni kwenda juu, ungedhani ni mtu mwingine. Mikono ilifika mahali pake nusu pigo baada ya mguu, vidole vimekakamaa, na macho hayakutoka kwenye kioo hata mara moja.

"Mwalimu," akaniuliza, "nifuate Vaganova au Cecchetti? Kila video ninayotazama inasema lake."

Vaganova wa Urusi na Cecchetti wa Italia ni walimu wa zamani ambao mbinu zao za kufundisha baleti ndizo tunazoziita shule. Swali hilo hunijia mara kwa mara hapa Nairobi, hasa kwa walioanza baleti ukubwani, ambao hawakupata bahati ya kulelewa ndani ya shule moja tangu utotoni. Kwa asiye na muda wa kusoma yote, jibu langu ni hili. Mikono ikiwa haiendi pamoja na miguu, anza na Cecchetti. Mikono ikiwa sahihi lakini mgongo umelala, nenda kwa Vaganova. Mikono ikiwa mingi mno, jifunze kwa Wadenmark. Na ikiwa imeganda katika mikao mizuri isiyopumua, mtazame Balanchine wa New York. Sababu zangu ndizo hizi zinazofuata, na nitakaa zaidi kwa wawili wa kwanza kwa kuwa ndiko wengi wanakokwama.

Maneno mawili kwanza

Podebra kwa Kifaransa ni kubeba mikono. Neno hilo la kubeba lina uzito wake: mkono haurushwi wala hauachwi uning'inie, unabebwa, na anayeubeba ni mgongo. Ndani ya podebra wamo mabega, mbavu, shingo, kichwa na macho. Epolma ni ule mgeuko mdogo wa mabega juu ya nyonga zilizotulia, bega moja likija mbele kidogo na kichwa kikielekea upande mmoja. Mcheza baleti asiye na epolma huonekana kama picha ya kitambulisho. Mwenye nayo, hata akisimama tu katika nafasi ya tano, miguu imepandana mmoja mbele ya mwingine, umeshaanza kumsoma.

Kwa mtu aliyekulia pwani, kwenye chakacha, kuna jambo la kuzoea hapa. Katika chakacha kiuno ndicho kinachozungumza na mabega hukisikiliza. Baleti imegeuza mambo: nyonga ndizo zinazonyamaza ili kifua, mikono na uso vipate kusema. Nimefundisha mabinti wawili waliotoka kwenye chakacha, na wote wawili walielewa epolma haraka kuliko wenzao, kwa sababu walikwisha kujua kwamba sehemu moja ya mwili inaweza kwenda huku nyingine imetulia.

Jirekodi kabla ya kuchagua

Weka simu juu ya kiti, simama mbele yake, ufanye tandu nne (kunyoosha mguu huku kidole kikiteleza sakafuni) kwenda mbele ukifungua mkono kutoka chini, kupitia mbele, hadi pembeni. Usiangalie kioo. Kisha itazame video mara mbili. Mara ya kwanza funika miguu kwa karatasi: je, mikono peke yake inaeleza lolote? Mara ya pili tazama mwanzo na mwisho tu wa kila tandu. Mguu na mkono vinaanza pamoja? Vinafika pamoja? Wengi hugundua kwamba mkono unaanza kwa kiganja, kana kwamba unachukua kitu mezani, badala ya kuanzia kwenye kombe la bega. Wengine hugundua kwamba mkono unakwenda vizuri lakini kichwa hakikualikwa.

Ukishajua ugonjwa wako ni upi, ulinganisho utakaofuata utakuwa na maana. Bila hivyo utachagua shule kwa kupenda picha zake, na picha za Warusi zitakushinda nguvu kila siku.

Vaganova: mgongo unaoimba

Agrippina Vaganova (1879–1951) alicheza katika jukwaa la Mariinsky, Saint Petersburg, akaliacha mwaka 1916, kisha akageukia kufundisha. Kitabu chake cha misingi kilitoka mwaka 1934. Alikuwa amekulia katikati ya mikono ya aina mbili. Mikono ya Kifaransa, iliyokuwa imezoeleka Urusi kwa miaka mingi, ilikuwa laini na yenye madaha, ila viwiko vililegea. Waitalia waliokuja Saint Petersburg mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa na miguu ya chuma na mizunguko iliyowashangaza Warusi, lakini mikono yao ilikuwa na ukavu, mara imenyoshwa mno, mara imekunjwa mno. Vaganova alichukua nguvu ya hawa na ulaini wa wale, akavitia katika mgongo mmoja unaonyumbulika.

Kwake mkono si pambo la mguu. Mkono ni chombo cha kazi: ndio unaoupa mwili msukumo wa kuzunguka, ndio unaouinua wakati wa kuruka. Ukimtazama mwanafunzi wa shule hiyo akiruka, utaona mikono, kifua na kichwa vinapanda pamoja, kisha mwili unakaa hewani kwa muda ule unaomfanya mtazamaji ashike pumzi. Galina Ulanova, Marina Semyonova na Natalia Dudinskaya wote walipita mikononi mwake.

Podebra zake ni 6. Ya kwanza ni rahisi kwa macho: chini, mbele, juu, pembeni, chini, kichwa kikisindikiza. Ya 3 ndiyo wengi wanayoijua hata bila kujua jina lake, ile ya kuinama mbele kutoka nyongani na kurudi, kisha kupinda nyuma mikono ikiwa juu. Ya 4 inapinda kiwiliwili kwa nguvu, bega moja likivutwa nyuma. Ya 5 ni duara zima la kiwiliwili. Kwa maneno mengine, kila hatua inaongeza mgongo. Mtoto katika shule ya Saint Petersburg, ile iliyoanzishwa mwaka 1738 na kupewa jina la Vaganova mwaka 1957, hufikishwa huko polepole ndani ya miaka 8, akianza na takriban miaka 10 ya umri. Mwanzoni hushika ule mti wa mazoezi kwa mikono yote miwili, na kila kitu hufanywa taratibu mno.

Hapo ndipo penye hatari kwa sisi wengine. Video za mitihani ya shule hiyo zimejaa mtandaoni, na zinazotazamwa zaidi ni za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Unachokiona ni matunda ya mti wa miaka 8. Mtu mzima anayehudhuria darasa mara mbili kwa wiki akiiga kile kichwa kilichoachiliwa nyuma na kile kifua kilichofunguka, mbavu zake hufunguka kama mlango uliosahauliwa, kiuno kinakatika mahali pamoja tu, na baada ya mwezi analalamikia mgongo wa chini. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa simruhusu mwanafunzi mpya kupinda nyuma mikono ikiwa juu mpaka aweze kuipandisha mikono huko bila mbavu kusogea.

Cecchetti: njia chache zilizonyooka

Enrico Cecchetti alizaliwa Roma mwaka 1850, ndani ya jengo la tamthilia, wazazi wake wote wakiwa wachezaji. Mwaka 1890, katika onyesho la kwanza la baleti ya Mrembo Aliyelala huko Saint Petersburg, alicheza nafasi mbili usiku uleule: yule mchawi mbaya Carabosse, na Ndege wa Bluu. Ukitaka kujua mtu mwenye umilisi wa mwili na wa uso pamoja, huyo hapo. Alifundisha katika shule ya kifalme ya mji huohuo wakati Vaganova alipokuwa msichana wa shule, kwa hiyo shule hizi mbili ni ndugu, si maadui kama mashabiki wanavyozipanga. Anna Pavlova na Vaslav Nijinsky walikuwa wanafunzi wake. Alikuwa na shule London kuanzia 1918 hadi 1923, na mwaka 1922 mbinu yake iliandikwa hukohuko. Alifariki Milan mwaka 1928.

Alichowaachia walimu ni utaratibu. Kila siku ya wiki ina mazoezi yake yaliyopangwa, Jumatatu hadi Jumamosi. Podebra ni 8, zimewekwa tangu mwanzo hadi mwisho, na mikao ya mwili jukwaani pia ni 8. Mwanafunzi hapati zoezi jipya la kubahatisha kila darasa. Anarudi kwenye lilelile, analijua, na kwa kuwa analijua anapata nafasi ya kulisikiliza.

Kinachonivutia zaidi ni lango. Ule mkao wa mikono mbele ya mwili, usawa wa kifua cha chini, walimu wa Cecchetti huuita hivyo, kwa sababu mikono inayopanda kutoka chini hupita hapo kabla ya kwenda juu au pembeni. Mikono haivuki mstari wa katikati ya mwili. Haipotei nyuma. Ikiwa pembeni, inateremka kidogo kutoka begani na ncha za vidole unaziona kwenye pembe ya jicho bila kugeuka. Ikiwa juu, iko mbele kidogo ya kichwa, kiasi kwamba ukiinua macho tu, bila kuinua kidevu, unaviona vidole. Jaribu sasa hivi ulipoketi. Wengi huweka mikono nyuma ya hapo, na ndiyo sababu mabega yao yanapanda masikioni.

Kwa mwenye tatizo la mikono na miguu kutoelewana, hii ni dawa kwa sababu inapunguza maamuzi. Njia ni chache, zinajirudia, na kila njia ina kichwa chake. Ubongo hauhangaiki tena kutafuta mkono upite wapi. Unabaki na swali moja tu, lini. Na uratibu kwa asilimia kubwa ni hilo, lini. Shule hii pia inashikilia sana kanuni ya upinzani: mguu wa kulia ukiwa mbele, mkono wa kushoto unakuja mbele. Ndivyo tunavyotembea barabarani, lakini mtu akiambiwa acheze anasahau jinsi anavyotembea.

Udhaifu wake? Mwanafunzi asiye na mwalimu mwenye moyo anaweza kuishia na mikono nadhifu, sahihi, na baridi. Na kwa ukumbi mkubwa, mikono inayobaki ndani ya macho yake yenyewe inaweza kuonekana midogo ukiilinganisha na ile mirefu ya Kirusi.

Namba zinazochanganya

Hili lichukue kwa uzito, kwa sababu ugomvi mwingi wa "mwalimu yule alinifundisha vibaya" hutokana na namba tu. RAD ni ile akademia ya London ambayo nitaifikia baadaye.

| Mikono iko wapi | Vaganova | Cecchetti | RAD |
|---|---|---|---|
| Chini, mbele ya mapaja | maandalizi | ya 5 chini | bra ba |
| Mbele ya kifua cha chini | ya 1 | ya 5 mbele | ya 1 |
| Pembeni yote miwili | ya 2 | ya 2 | ya 2 |
| Juu ya kichwa | ya 3 | ya 5 juu | ya 5 |
| Mmoja juu, mmoja pembeni | haina namba | ya 4 juu | ya 4 |
| Idadi ya arabeski (mikao ya kusimama mguu mmoja, mwingine umenyoshwa nyuma) | 4 | 5 | 3 |

Hata kuta za ukumbi hazihesabiwi sawa. Kwa Vaganova namba 1 iko katikati mbele, na unahesabu kuta na pembe kwa kupokezana. Kwa Cecchetti unaanza na pembe nne, kisha ndipo unahesabu kuta. Mwanafunzi akisikia "elekea namba 2" kutoka kwa walimu wawili, mmoja anamgeuza kulia na mwingine kushoto. Ukibadilisha shule, uliza namba kabla ya kuuliza lolote jingine.

Wadenmark, kwa mikono inayopayuka

August Bournonville (1805–1879) alisoma Paris kwa Auguste Vestris, akarudi Copenhagen na kuijenga baleti ya kifalme ya Denmark kwa miaka mingi. Miguu ya Bournonville ina kazi nyingi: miruko midogo, ya haraka, yenye kupigisha miguu hewani. Mikono? Mara nyingi iko chini, ya mviringo, imetulia kabisa, kisha inafunguka kidogo kama mtu anayekukaribisha nyumbani. Maandalizi hayaonekani. Mtu anaruka bila kukutangazia kwamba anakaribia kuruka, na kichwa kinainama kuelekea mguu unaofanya kazi, kwa upole.

Sijawahi kumshauri mwanafunzi wangu aifuate shule hii peke yake, kwa kuwa huku kwetu mwalimu wake ni vigumu kumpata. Lakini kama dawa ya muda haina mfano. Mtu anayejivuta juu kwa mikono kila anaporuka, mwambie afanye miruko yake yote kwa wiki mbili mikono ikiwa chini, bila kusogea, mabega mapana. Siku ya kwanza atahisi amefungwa kamba. Kisha atagundua kwamba miguu yake ilikuwa ikidanganywa na mikono muda wote huo.

Balanchine, kwa mikono iliyoganda

George Balanchine alizaliwa Saint Petersburg mwaka 1904 na kulelewa katika shule ileile ya kifalme, kisha akaondoka Urusi na hatimaye kufika Marekani. Shule yake ya New York ilianza mwaka 1934, na mwaka huohuo akatunga baleti ya Serenade, inayofunguka na wanawake 17 waliosimama, kila mmoja ameinua mkono wa kulia. Hakuna anayeruka wala kuzunguka. Ni mkono tu, halafu kifundo cha mkono, halafu kichwa, na ukumbi mzima umeshanyamaza.

Kwake viwiko na vifundo vya mikono vinaruhusiwa kuvunja ile duara, mkono unavuta hewa na kuitoa, na kila kidole kinaonekana peke yake. Umbo la kiganja ni kama umeshika mpira mdogo. Kila kitu ni kikubwa zaidi na cha haraka zaidi. Kwa mwanafunzi ambaye miaka yote amekaa ndani ya mikao, anayefika katika nafasi ya pili na kusimama humo kama sanamu, wiki chache za mikono hii zinamkumbusha kwamba mkao ni mahali pa kupita. Ila kwa anayeanza, naogopa. Kuvunja duara ambayo hujawahi kuijenga kunakuachia vidole vilivyotawanyika na kiwiko kilichoanguka.

RAD, na suala la mwalimu uliyenaye

Royal Academy of Dance ilianza London mwaka 1920. Tamara Karsavina, aliyetoka Saint Petersburg, na Adeline Genée, mzaliwa wa Denmark, walikuwa miongoni mwa waanzilishi, na mchanganyiko huo bado unaonekana katika mikono yake: si mirefu kama ya Kirusi, si mikali kama ya Kiitalia. Kwa wazazi wengi wa Nairobi, mitihani ya RAD ndiyo baleti wanayoijua, kwa kuwa ina ngazi za wazi, Daraja la 1 hadi la 8, na mtoto anajua anaelekea wapi.

Kama mwanao yuko huko na ana mwalimu mzuri, mwache huko. Nasema hivi kwa dhati. Mwalimu anayeuona mwili wa mtoto kila wiki na kumsahihisha kwa mkono wake ana thamani kuliko jina la shule yoyote ile. Ulinganisho huu ni kwa mtu mzima anayejipangia mazoezi, au kijana ambaye amebanwa na kosa moja ambalo darasa lake halimpi nafasi ya kulitengeneza.

Kitu ambacho shule zote zinakihitaji

Kabla ya kuchagua, tengeneza bega. Mkono unapopanda kutoka ubavuni hadi juu ya kichwa, safari ya takriban nyuzi 180, karibu theluthi mbili ya safari hiyo inafanywa na kiungo cha bega chenyewe. Theluthi inayobaki inafanywa na kombe la bega, linaloteleza na kugeuka juu ya mbavu. Kwa hiyo ile amri tuliyopigiwa kelele wengi wetu, "Mabega chini! Chini!", ikitiiwa kwa nguvu huku mkono uko juu, inalishika kombe lisigeuke. Mkono unabaki kusukumana na mfupa, shingo inakaza, na wengine hupata maumivu ya mbele ya bega wasijue yametoka wapi. Mimi siku hizi nasema: panua mitulinga, acha kombe lizunguke, shingo ndefu. Mabega yanashuka yenyewe.

Kiwiko nacho kina siri yake. Mkono ukiwa pembeni, sehemu ya juu, kati ya bega na kiwiko, inageukia ndani kidogo ili kiwiko kitazame nyuma badala ya sakafuni, huku sehemu ya chini ikigeuka upande mwingine ili kiganja kitazame mbele. Mizunguko miwili inayopingana ndani ya mkono mmoja. Mwombe mwenzako aweke vidole viwili juu ya kiwiko chako na kukikandamiza taratibu. Kikianguka mara moja, bado mkono wako haujabebwa.

Uchague vipi, basi

Kama video yako imekuonyesha mkono unaochelewa au kuwahi, chukua podebra ya kwanza ya Cecchetti na uketi juu ya kiti. Ndiyo, keti. Miguu ikiondoka kwenye hesabu, utashangaa jinsi mikono inavyoanza kusikia muziki. Hesabu 8 za kupanda na kufungua, 8 za kurudi, pumzi ikiingia mikono inapopita langoni. Fanya hivyo dakika 10 kila siku kwa wiki mbili. Kisha simama. Kisha ongeza tandu. Kichwa kiongeze mwisho, na macho yaongoze kichwa, yaani tazama unakokwenda kabla mkono haujafika. Usiharakishe mpangilio huo.

Kama video imekuonyesha mikono inayofika kwa wakati lakini hakuna hadithi, na umeshacheza angalau miaka miwili mitatu, Vaganova ndiyo njia yako, kwa sharti la kupata mwalimu, hata wa mara moja kwa mwezi. Podebra yake ya 3 ianze na nusu ya kwanza tu, kuinama mbele na kurudi, mgongo ukijikunjua kama mkeka. Nusu ya pili, ya kupinda nyuma, ingoje mbavu ziwe tayari.

Kwa miezi 6 usichanganye hizi mbili. Urefu wa mkono wa pembeni, umbo la kiganja, mahali mikono inapokaa juu ya kichwa: hivyo vinatofautiana, na mwili unaopewa majibu mawili kwa swali moja husita, na kusita huko ndiko mwanzo wa mkono kuchelewa. Mazoezi ya Bournonville ya mikono ya chini hayavurugi chochote, yaweke popote. Balanchine mngojee.

Kuhusu kioo, mimi nakifunika kwa shuka mara moja kwa wiki. Mwanafunzi anayejitazama hawezi kumtazama mtu mwingine, na usemi wa kifua na uso unaanzia pale mtu anapokuwa na mtu wa kumwambia. Mwekee mwenzako kiti upande wa pili wa ukumbi. Mwambie kitu kwa podebra moja tu: karibu, kwaheri, nimekukosea. Aseme amesikia nini.

Dada yule alichagua Cecchetti. Wiki mbili za kiti zilimchosha, alinieleza wazi, na mara moja aliniomba turuke hatua, sikukubali. Baada ya miezi mitatu alileta video nyingine, adajio ileile, ukumbi uleule. Mkono na mguu vilikuwa vimefika pamoja, na pale katikati, mkono ulipofunguka kwenda pembeni, macho yalikuwa yamekwisha kutangulia huko. Sasa, miezi 6 ikiwa imekwisha, tumeanza podebra ya 3 ya Vaganova siku za Jumamosi. Mbavu bado zinafunguka akirudi juu, kwa hiyo tunabaki na nusu ya kwanza.